Kutoka Salamanca hadi Malindi: nikifuata jedwali la Abraham Zacuto

13 Aprili. Salamanca

Nimeingia Salamanca magharibi ikikaribia, miguu imevimba kwa ndege na kwa basi la kutoka Madrid. Binti wa dada yangu, anayesoma hapa, alinipokea kituoni. "Shikamoo, mama mdogo." Nikaitikia marahaba kwa sauti, na nusu ya uchovu ikaniishia palepale.

Nimefundisha jiografia Malindi kwa miaka 31. Kila mwaka nilipeleka wanafunzi kwenye nguzo ya Vasco da Gama, ule mnara mweupe juu ya mwamba wa matumbawe, na kila mwaka hakukosekana mtoto wa kuuliza: "Mwalimu, walijuaje walipo, na baharini hakuna alama?" Nilijibu kwamba walikuwa na astrolabu, kisha tukaendelea na somo. Lilikuwa nusu ya jibu. Astrolabu humwonyesha baharia jua limepanda kiasi gani, basi. Ili kipimo hicho kimwambie yuko wapi, lazima awe na jedwali la kumwonyesha jua lenyewe leo limesogea kiasi gani kaskazini au kusini ya Ikweta. Jedwali ambalo mabaharia wa Ureno walilitegemea zama zile chimbuko lake ni mji huu. Lilitungwa kwa Kiebrania na Myahudi aitwaye Abraham Zacuto, aliyezaliwa hapa mwaka 1452. Jina hilo sikulitaja darasani hata siku moja. Sasa nimestaafu, nimeweka kando sehemu ya kiinua mgongo changu, nimekuja kulitafuta.

14 Aprili. Salamanca

Asubuhi tulikwenda kuona kile wanachokiita Anga ya Salamanca. Chuo Kikuu cha hapa kilianzishwa mwaka 1218, na katika miaka ya 1480 dari ya maktaba yake ilipakwa rangi na Fernando Gallego, ikawa mbingu nzima yenye nyota na sayari. Dari ile iliporomoka baadaye. Kilichobaki, kama theluthi moja, sasa kimehifadhiwa katika chumba chenye giza. Unaingia, unasimama kimya hadi macho yazoee, kisha nyota zinaanza kujitokeza moja moja.

Katika zile buruji kumi na mbili zimebaki tano. Nilianza kuzitaja kwa majina niliyofundishwa chuoni nikiwa mdogo: Asadi, Sumbula, Mizani, Akrabu, Kausi. Mpwa wangu alikuwa na orodha ya majina ya Kiebrania kwenye simu yake, akaanza kusoma. Mizani kwao ni moznayim. Akrabu ni akrav. Nikamwambia atafute Dalu, ingawa haimo darini. Ni deli, yaani ndoo, kama yetu. Nilishika ukuta. Majina haya yametufikia Waswahili kwa Kiarabu, na Kiarabu na Kiebrania ni ndugu wa tumbo moja. Zacuto angesimama nami chini ya dari hii tukazitaja nyota, tungeelewana bila mkalimani.

Kitabu chake kikuu alikiandika kati ya 1473 na 1478. Aliyemfadhili ni askofu wa mji huu, Gonzalo de Vivero. Mwaka 1481 Juan de Salaya, mwalimu wa falaki wa Chuo Kikuu, alikaa pamoja na Zacuto mwenyewe wakakitoa katika Kiebrania na kukitia katika Kihispania. Nimekitafakari sana kikao kile. Mkristo ana kalamu, Myahudi ana maana. Neno la falaki ambalo Kihispania hakina, wanalitafuta wote wawili. Waliokwisha kufasiri kitu wanajua kwamba huwezi kufanya kazi hiyo na mtu usimjue moyo.

Wala Zacuto hakuanza na karatasi tupu. Alijenga juu ya kazi ya Levi ben Gershom, Myahudi wa Provence aliyefariki 1344, na ya Jacob Bonjorn wa Perpignan. Kabla yao palikuwa na majedwali ya Mfalme Alfonso wa Kumi, yaliyotayarishwa Toledo katika karne ya 13 na Wayahudi wawili, Isaac ibn Sid na Yehuda ben Moshe. Hao nao walikuwa wamejaa elimu ya Waarabu wa Andalusi hadi shingoni. Ukilivuta jedwali hili kwa uzi, uzi hauishi upesi.

Jioni, kwa chai ambayo mpwa ameitia iliki aliyoletewa kutoka nyumbani, alitaka nimweleze kwa nini Wareno walihitaji jua wakati baba yangu alisafiri kwa nyota. Baba alikuwa nahodha wa jahazi kati ya Lamu na Mombasa. Kaskazini aliiita jaa na kusini aliiita suheli, na yote mawili ni majina ya nyota. Jaa ni ile nyota ya kaskazini isiyohama. Wazungu waliitumia hiyohiyo: ikiwa juu, uko kaskazini sana, ikishuka, umeteremka kusini. Lakini waliposhuka na pwani ya Guinea, nyota ile ilizama kwenye upeo wa macho, ikapotea. Sisi Malindi hatuioni kabisa. Hapo wakawa kama kipofu aliyenyang'anywa mkongojo. Jua lilikuwepo, ila jua lina tabia ya kuhama: Juni liko kaskazini, Desemba liko kusini. Asiyejua hesabu ya kuhama kwake hawezi kulitumia. Mwaka 1485 mfalme wa Ureno alimtuma José Vizinho, tabibu Myahudi, aende hadi Guinea kupima jua na kuona kama njia hiyo inafaa. Ilifaa.

15 Aprili. Njiani

Tumeondoka na gari dogo la kukodi, tumepita Ciudad Rodrigo, tumevuka mpaka wa Ureno bila hata kusimama. Hakuna aliyetuuliza pasipoti.

Tarehe 31 Machi 1492 Mfalme Ferdinand na Malkia Isabella walitia sahihi huko Granada amri ya kuwafukuza Wayahudi wote Hispania. Wengi walipita njia za upande huu kwa miguu kuingia Ureno. Mfalme João wa Pili aliwatoza cruzado 8 kwa kichwa na kuwaruhusu kukaa miezi 8 tu. Zacuto alikuwa miongoni mwa waliovuka, naye akapata kazi ya unajimu katika jumba la huyohuyo João. Hakuna mfalme aliyekosa haja na elimu yake. Wenye bahati mbaya zaidi ni wale walioshindwa kuondoka miezi ilipokwisha. Mwaka 1493 watoto wao walichukuliwa wakapakiwa melini hadi São Tomé, kisiwa cha Afrika kilicho karibu kabisa na Ikweta. Njia ya kwenda kule ilikuwa imekwisha kupimwa.

Sikusema neno kwa kilomita nyingi. Mpwa aliniacha.

16 Aprili. Castelo de Vide

Mji mdogo mweupe juu ya kilima, maua mlangoni, vichochoro vya mawe vinavyopanda na kuteremka kama vya Mji wa Kale wa Mombasa. Mtaa wa Wayahudi bado upo, na milango yake ya mawe imechongwa. Nimepita hapa kwa ajili ya mtu mmoja tu: Garcia de Orta.

Alizaliwa hapa mwanzoni mwa karne ya 16, wazazi wake wakiwa Wayahudi waliokimbia kutoka Hispania. Kwa karatasi alikuwa Mkristo, maana kufikia wakati huo Ureno haikumwacha Myahudi yeyote abaki na dini yake hadharani. Alisomea udaktari Salamanca na Alcalá. Mwaka 1534 alisafiri kwenda India, na mwaka 1563 alichapisha Goa kitabu kuhusu dawa za India, kimeandikwa kama mazungumzo ya watu wawili. Mmoja anakuja na vitabu vya Wagiriki. Mwingine, ambaye ni Orta mwenyewe, anamjibu kwa yale aliyoyaona na kuyauliza kwa matabibu wa Kihindi na wa Kiarabu. Mahali pamoja anamwambia mwenzake asimtishe kwa jina la Dioscorides wala la Galen, matabibu wale wa Kigiriki, kwa kuwa yeye hatasema ila kweli na kile anachokijua. Kusema hivyo karne ile kulihitaji kifua.

Kitabu kinazungumzia karafuu, tangawizi, mdalasini, kafuri, bangi, nazi. Anaanza mapema na shubiri, akiisifu ile ya Sokotra. Mama yangu alijipaka shubiri kwenye chuchu alipomwachisha ziwa kitinda mimba wetu, na aliyeuza dukani alisema imetoka Sokotra. Kwa hiyo nilipokuwa nikisoma mazungumzo ya daktari wa Goa, ulimi wangu ulikunjika kwa uchungu ninaoujua.

Carolus Clusius, mtaalamu wa mimea, alikifupisha kwa Kilatini mwaka 1567, na Ulaya yote ikakisoma. Orta alifariki 1568. Mwaka uliofuata dada yake Catarina alichomwa moto Goa na Baraza la Kuhukumu Wazushi kwa kosa la kushika dini ya Kiyahudi. Mwaka 1580 wakafukua mifupa ya Orta mwenyewe, wakaichoma pia. Kitabu hakikuchomeka, kilikuwa kimeshaenda mbali.

17 Aprili. Tomar

Mvua kutwa. Tumefika sinagogi ya Tomar tumelowa.

Ni chumba kimoja cha mraba, nguzo nne nyembamba, matao juu. Kilijengwa katikati ya karne ya 15, na Wayahudi walikitumia kwa miongo michache tu. Baada yao kikawa jela, kikawa ghala. Mwaka 1923 alikinunua Samuel Schwarz, mhandisi Myahudi kutoka Poland, na mwaka 1939 akakitoa kwa serikali kiwe makumbusho. Makumbusho hayo yana jina la Abraham Zacuto. Ndiyo mara ya kwanza kuliona limeandikwa juu ya mlango, nikasimama kwenye mvua nikilisoma kama mtoto wa darasa la kwanza.

Ndani, tazama pembe za juu za kuta. Kuna mitungi ya udongo iliyozikwa ukutani, midomo tu ndiyo inaonekana, ili sauti ya anayesali ijae chumbani. Nilikumbuka bakuli za China kwenye makaburi ya nguzo ya Mambrui. Zile ni za pambo na hii ni ya sauti, lakini mkono wa fundi anayekichukua chombo cha jikoni akakitia ukutani nyumba ya Mungu ni mkono ninaoujua.

18 Aprili. Leiria

Mji huu hauna watalii wengi. Mimi nimeutamani kuliko Lisbon.

Chini kando ya mto Lis kuna kinu cha karatasi chenye historia inayorudi hadi mwaka 1411. Kimekarabatiwa vizuri, maji yanazungusha gurudumu kama zamani. Na hapa Leiria, Myahudi wa jina la Ortas alikuwa na kiwanda cha uchapaji, kilichokwisha kutoa vitabu vya Kiebrania. Tarehe 25 Februari 1496 alimaliza kuchapa kitabu cha Zacuto, kwa Kilatini: *Almanach Perpetuum*, yaani kalenda ya falaki isiyokoma. Aliyekifasiri ni yuleyule José Vizinho aliyepima jua Guinea.

Nimeona nakala yake kwa picha, kurasa kwa kurasa za tarakimu, karibu hakuna maneno. Usidharau tarakimu hizo. Kabla ya mtambo, jedwali lilinakiliwa kwa mkono, na mnakili mwenye usingizi akiandika 3 badala ya 8, chombo kinapanda mwamba. Herufi za risasi zikishapangwa na kusahihishwa mara moja, nakala zote zinakuwa sawasawa. Zacuto alianzia hesabu yake mwaka 1473 na akaifanya kwa mchana wa Salamanca. Kwa hiyo kila rubani aliyefungua kitabu hiki katikati ya bahari alikuwa anaanza na adhuhuri ya mji ule, kisha anajongea kuelekea alipo yeye.

Hatua za kazi ni hizi, na ningetamani ningeziandika ubaoni miaka 31 iliyopita. Adhuhuri, jua likiwa juu kabisa, pima pembe yake kutoka upeo wa bahari. Toa katika 90. Fungua kitabu, tafuta leo jua liko nyuzi ngapi kutoka Ikweta. Jumlisha au toa kulingana na upande. Umepata latitudo yako. Wapishi wa melini hawakuhitaji kujua lolote kati ya hayo, lakini maisha yao yote yalining'inia hapo.

Kitabu kikasafiri. Mwanzoni mwa karne ya 16, Istanbul, Myahudi mwingine, Moses Galeano, alikitia katika Kiarabu. Elimu iliyotoka kwa Waarabu ikapita Kiebrania, Kihispania na Kilatini, kisha ikarudi nyumbani imenenepa.

Zacuto mwenyewe hakupata hata mwaka wa amani baada ya kitabu kuchapwa. Tarehe 5 Desemba 1496 Mfalme Manuel alitia sahihi amri yake mwenyewe ya kuwafukuza Wayahudi na Waislamu. Kisha akabadili nia: hakutaka kupoteza watu wenye ujuzi namna ile, akataka wabaki wakiwa wamebatizwa, wakitaka wasitake. Pasaka ya 1497 watoto wa Kiyahudi walinyang'anywa wazazi wao wakabatizwa kwa nguvu. Gaspar Correia, mwandishi Mreno wa karne hiyo, anasimulia kwamba Zacuto aliwafundisha marubani wa mfalme kupima jua. Meli za da Gama ziling'oa nanga Lisbon tarehe 8 Julai 1497. Zacuto naye alikimbilia Afrika Kaskazini na mwanawe, wakatekwa njiani mara mbili. Aliishia Tunis, na huko mwaka 1504 akamaliza kuandika kitabu cha nasaba za wanazuoni wa Kiyahudi.

19 Aprili. Lisbon

Uwanja wa São Domingos, katikati ya mji. Tumefika leo kwa makusudi.

Tarehe 19 Aprili 1506, wakati wa ukame na tauni, watu walikusanyika katika kanisa hili wakasema wameona mwanga wa muujiza kwenye msalaba. Mtu mmoja, Mkristo Mpya, yaani Myahudi aliyebatizwa, akasema pengine ni mwanga wa mshumaa tu. Wakamuua. Kisha kwa siku tatu wakawasaka wenzake nyumba kwa nyumba, wakawaua na kuwachoma, mamia kwa mamia. Wengi hutaja elfu mbili. Mnara wa kumbukumbu uliwekwa mwaka 2008: nusu ya tufe la jiwe lenye nyota ya Daudi, pamoja na maneno ya Ayubu, "Ee nchi, usiifunike damu yangu."

Uwanja wenyewe leo umejaa Waafrika. Kina mama wameketi pembeni, wanaume wamesimama makundi makundi wakibishana. Nilikaa kwenye ukuta karibu nao, nikafanya hesabu ambayo imenikaa rohoni siku zote hizi. Agosti 1505 jeshi la Francisco de Almeida liliiteka Mombasa, likaipora na kuichoma moto. Miezi minane baadaye ndiyo haya ya hapa. Nimekuja huku nikiwa na kinyongo kidogo kwa Zacuto, sifichi. Jedwali lake liliwasaidia waliotuchomea mji. Lakini wakati Mombasa inaungua yeye alikuwa mkimbizi Tunis, na ndugu zake waliobaki walikuwa wanasubiri zamu yao katika mji huu. Kinyongo changu nimekiweka kwa aliyeshika mwenge.

20 Aprili. Belém, Lisbon

Kaburi la da Gama limo katika kanisa la Jerónimos, jiwe jeupe, mikono imefumbatana. Tulipita. Makumbusho ya bahari yapo jirani, na huko ndiko nilikokaa saa tatu mbele ya astrolabu za shaba. Ni nzito na zimetobolewa ili upepo upite.

Mwandishi João de Barros, katika kitabu kilichochapishwa 1552, anasimulia kwamba kule Malindi da Gama alimwonyesha astrolabu yake rubani aliyepewa, na rubani yule hakushangaa hata kidogo. Alisema mabaharia wa Bahari ya Shamu nao hupima jua na nyota kwa ala zao za shaba. Barros anamwita rubani huyo Malemo Cana, mtu wa Gujarat. Malemo si jina lake. Ni muallim, mwalimu. Wareno walifika Malindi kwa hesabu ya mwalimu wa Salamanca, wakavushwa hadi Calicut, India, na mwalimu mwingine, na kule Malindi wawili hao walikutana kwa njia ya astrolabu, bila kuonana.

Nilikuwa nimetengeneza ala yangu nyumbani: kipimapembe cha darasani, mrija, uzi, na chubwi la mshipi wa marehemu baba. Unaliacha jua lipite kwenye mrija hadi lichore duara dogo kwenye kiganja, hulitazami. Kando ya mto Tejo, saa saba na dakika thelathini na sita, nikasoma nyuzi 63. Tisini toa 63 ni 27. Jua leo liko nyuzi 11 na nusu kaskazini. Jumla 38 na nusu. Lisbon iko 38 na sehemu 7 za kumi. Nimekosea kilomita ishirini na kitu, kwa mrija na uzi. Mpwa alipiga kigelegele mbele za watu.

21 hadi 22 Aprili. Safarini

Kuagana, ndege, kungoja, ndege nyingine. Nimelala.

24 Aprili. Malindi

Meli za da Gama zilikuwa zimetia nanga hapa Jumapili ya Pasaka, 15 Aprili 1498, mwaka mmoja baada ya ile Pasaka ya watoto. Kalenda yao ilikuwa nyuma ya yetu kwa siku 9, kwa hiyo jua lao la siku hiyo ni jua la leo.

Masika yamekaza. Nilifika kwenye nguzo saa tano na nusu, anga imefunga, bahari rangi ya risasi. Wavuvi wawili walikuwa wakishona nyavu chini ya mwamba, wakanisalimu, wakaendelea. Nikashika kipimapembe changu nikangoja. Mgongo nikaupa kusini, maana Aprili hapa jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini, na ndiyo jambo ambalo kwa mtu wa Salamanca halitokei mwaka mzima.

Saa sita na dakika kumi na nane mawingu yakaachana kidogo. Duara likatua kiganjani. Sabini na nne. Tisini toa 74, 16. Jua la leo nyuzi 12 na sehemu 8 za kumi kaskazini. Kumi na sita toa hizo, inabaki 3 na sehemu 2 za kumi, kusini ya Ikweta. Nikaiandika daftarini, na chini yake nikaandika Zacuto, Vizinho, Ortas, kabla tone la kwanza halijaangukia karatasi.